Barua ya wazi: Pimeni udongo wa jalala kwa maji ya taka, si kwa maji ya bomba

Lubumbashi, tarehe 14 ya mwezi wa tisa

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya usafi na mazingira katika jiji letu,
Kwa Bwana Mkubwa anayesimamia kazi za jalala jipya,
Nakala kwa shefu wa kartiye (mtaa) yetu na kwa wakaaji wenzangu wote

Kuhusu: sakafu ya udongo wa mfinyanzi chini ya jalala jipya

Waheshimiwa,

Nawaamkia kwa heshima. Hii ni barua yangu ya nne. Ya kwanza niliileta kwa mkono mwezi wa pili, karani akaigonga muhuri wa kupokelewa na kunirudishia nakala. Ya pili ilikuja mwezi wa tano, ya tatu mwezi wa saba. Nakala zote ninazo na mihuri inasomeka vizuri. Jibu sina. Katikati ya hapo, mwezi wa sita, nilikwenda mpaka kwenye uwanja wenyewe. Nilipokelewa vizuri, nikapewa kiti na chupa ya maji, msimamizi akanisikiliza kama dakika kumi, kisha akasema: "Papa, udongo ni udongo. Urudi nyumbani upumzike." Nilirudi nyumbani. Kupumzika kulinishinda, ndiyo maana leo ninaandika mbele ya macho ya watu wote.

Mjue kwanza ni nani anayewasumbua. Nilifanya kazi miaka mingi katika maabara ya udongo, upande wa barabara na misingi ya nyumba. Sikuwa injinia. Nilikuwa yule anayeosha makopo, anayepima uzito wa udongo mbichi na mkavu, anayekesha akiangalia maji yakishuka milimita kwa milimita ndani ya bomba la kioo huku mainjinia wakingoja namba ofisini. Namba za aina mliyotuonyesha nazifahamu, kwa sababu watu kama mimi ndio wanaozizaa.

Wala sipingi jalala, hilo lisisemwe. Taka za mji huu leo zinalala kandokando ya barabara na ndani ya mifereji, zinachomwa usiku chini ya madirisha ya watoto, na mvua ya kwanza inazisukuma hadi mto Lubumbashi na Kafubu. Shimo lililochimbwa kwa akili, lenye sakafu, ni bora kuliko hayo. Ninachokataa ni sakafu iliyopimwa nusu halafu ikatangazwa nzima. Mashaka yangu ni haya.

1. Namba mliyotuonyesha ni ya maji safi

Katika mkutano wa kartiye mlishika karatasi moja na kutusomea kwamba sakafu itakuwa na unene wa sentimita 60, na kwamba maji yatapenya humo kwa mwendo usiozidi mita moja kwa sekunde bilioni moja. Mkatufasiria: sekunde bilioni moja ni karibu miaka 32. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Basi, mimi nitakuwa nimeshazikwa," na wengi wakacheka.

Namba yenyewe haina ubaya. Ndiyo inayodaiwa Marekani tangu kanuni zao za 1991, na Ulaya tangu 1999. Lakini huko haiachwi peke yake. Marekani, juu ya hizo sentimita 60 hutandikwa plastiki nene, na maji ya taka hayaruhusiwi kusimama juu yake zaidi ya sentimita 30. Ulaya wanadai mita nzima ya udongo. Halafu ile miaka 32 haina maana mliyotupa. Maji hayapiti katika mwili wote wa udongo, yanapita kwenye vitundu vyake tu, ambavyo tuseme ni asilimia 40 ya ujazo. Na yanasukumwa na uzito wa maji yaliyosimama juu. Nimepiga hesabu mezani kwangu, na mwanafunzi yeyote wa ufundi anaweza kuirudia: maji meusi yakisimama sentimita 30 juu ya sakafu yenu, yataivuka kwa muda wa miaka mitano hivi. Yakisimama mita tatu, ni mwaka mmoja na miezi mitatu. Hapo nimehesabu sakafu isiyo na kosa hata moja. Udongo ukilegea mara kumi, yaani ukipitisha maji mara kumi zaidi, ile miaka mitano inageuka miezi sita.

Je, unaweza kulegea mara kumi? Chini kabisa ya karatasi yenu, kwa herufi ndogo, pameandikwa kimiminika kilichotumika katika kipimo: maji ya bomba. Hapo ndipo nilipokosa usingizi.

Udongo wa mfinyanzi unazuia maji kwa namna ambayo jiwe halizuii. Chembe zake ni bapa, nyembamba mno, na kila moja imevaa utando wa maji ulioshikwa na chaji ya umeme iliyo juu ya chembe. Tando hizo ndizo zinazotenga chembe na kuzipanga, zikaziba njia. Maji ya bomba hayaugusi sana utando huo. Maji meusi yanayotoka chini ya taka, yale ambayo mainjinia wanaita liksivia, yamejaa chumvi, kalisi, magnesi na amonia. Kalisi inaingia mahali pa sodi iliyokuwa imeshikwa na chembe, utando unanywea, chembe zinavutana na kuganda kuwa madonge. Uzito wa udongo unabaki uleule na unene uleule, ila katikati ya donge na donge sasa pana mlango. Kila mpishi wa bukari, yaani ugali wetu, analijua jambo hili kwa mkono: unga uleule na maji yaleyale, mmoja anasonga ukatoka laini, mwingine unatoka na madonge yenye mapango ndani.

Nilijaribu mwenyewe. Lori lenu liliangusha udongo njiani, nikaokota kopo moja, nikaukausha, nikautwanga, nikauchekecha kwa chekecheo la unga la mke wangu (deni hilo bado ninalilipa). Nikachukua chupa mbili za plastiki zinazoonyesha ndani. Ya kwanza nikatia maji ya mvua niliyoyaweka kwenye bidoni tangu mwezi wa tatu. Ya pili nikatia maji meusi yanayochuruzika chini ya jalala la zamani, nikiwa nimeyachuja kwa kitambaa. Kila moja vijiko vitano vya udongo, nikatikisa, nikaweka dirishani. Kabla sijamaliza kikombe cha chai, udongo wa chupa ya pili ulikuwa umeshaanguka chini kama mchanga, na juu yake maji yakabaki rangi ya chai bila vumbi. Chupa ya maji ya mvua, asubuhi yake ilikuwa bado nyekundu mpaka shingoni.

Chupa mbili hazimhukumu mtu. Najua tofauti ya chupa ya dirishani na kipimo cha maabara. Lakini zinatosha kuuliza: kwa nini kipimo kile hakikufanywa na maji ambayo sakafu itayanywa maisha yake yote?

2. Uchachu wa mwanzo, na kutu ya udongo wetu

Taka mpya hufanya kama munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, uliosahauliwa kwenye mtungi. Mwanzoni hupanda uchachu: vijidudu huzivunja mboga, maganda na makombo kuwa asidi, na maji yake huwa makali. Baadaye, baada ya miezi au miaka, huja vijidudu vingine vinavyotoa gesi, uchachu ukashuka, maji yakawa yanaelekea upande wa magadi. Amonia ndiyo haiondoki, inaweza kudumu miongo kadhaa. Kwa hiyo sakafu haipambani na adui mmoja. Inachachuliwa kwanza, kisha inalowekwa kwenye chumvi kwa muda ambao wajukuu wangu watakuwa na wajukuu.

Sasa mtazame udongo wenyewe ulitoka wapi. Malori yenu yamekata vichuguu, kama wanavyofanya wafyatua matofali wetu wote. Si uchaguzi wa kijinga. Vichuguu vya huku kwetu, virefu kupita nyumba na vyenye upana wa mita 15, vina mfinyanzi mwingi kuliko ardhi iliyovizunguka, na mchwa wameshauchekecha kuliko chekecheo lolote. Ila vingi vya Katanga ya Juu vina chokaa ndani, tena jambo hilo limeshachunguzwa na watafiti. Chokaa na asidi havikai nyumba moja. Mwanzo chokaa itaula uchachu na kuupoza, huenda hata ikaganda upya na kuziba vitundu, nanyi mtafurahi kuona maji yamepungua mwendo. Chokaa ikiisha, nafasi yake inabaki wazi.

Na ule wekundu? Ni chuma, ni kutu, na ndiyo inayofunga chembe za udongo wetu pamoja kama saruji dhaifu. Chini ya taka hakuna hewa. Vijidudu vya mahali pasipo hewa hupumua kwa kutumia kutu, na kutu ikiliwa hivyo inayeyuka katika maji. Hamhitaji maabara kuliamini hilo: chimbeni kwenye dambo (bonde la majimaji) lolote lililolowa mwaka mzima, mtakuta udongo wa kijivu mahali ambapo mlimani ni mwekundu. Chuma kikiondoka, kinaondoka pamoja na metali zilizokuwa zimening'inia juu yake. Katika mji uliolelewa na bomba la moshi la kiwanda cha shaba, mnajua wenyewe udongo umebeba nini.

Mainjinia wenu wana jibu moja la haki hapa, naomba niliseme kwa niaba yao. Udongo wetu mwekundu kwa sehemu kubwa ni kaolini, ndugu yake pemba wanayotafuna mama wajawazito. Kaolini haivimbi kama bentonaiti, ule mfinyanzi unaovimba sana ukilowa, kwa hiyo hata ikikutana na chumvi hainywei sana kama bentonaiti. Ni kweli, na ni heri kwetu. Lakini sababu hiyohiyo inaifanya iwe na mikono michache ya kukamata metali: udongo unaovimba unaweza kushika mara kumi zaidi, au kupita hapo. Tumepewa mlinzi asiyeogopa haraka, ila mifuko yake ni midogo. Kipi kinashinda kingine katika shimo letu, kipimo pekee ndicho kitakachosema.

3. Mmeuacha udongo uchi kiangazi kizima

Hili si la kitabuni, nimeliona kwa macho. Sakafu ilishindiliwa mwezi wa sita na wa saba. Tangu hapo imelala wazi, na mnajua jua letu la mwezi wa nane na upepo wake wa vumbi. Siku ya Jumapili, baada ya misa, nilipita na vijana wawili, nikachukua sipoki ya baisikeli na kuitumbukiza kwenye nyufa. Ilizama sentimita 17 mahali pamoja, 11 pengine. Nyufa hazikuwa mbili tatu, zilikuwa kama ngozi ya mamba.

Mlinzi alituambia mvua itaziziba. Mvua huziba nyufa za udongo unaovimba, na hata huo hauzibi kabisa. Wetu, tumeshakubaliana, hauvimbi sana. Na kama maji ya kwanza kuingia kwenye ufa ni maji ya taka yenye chumvi, chembe zitavutana badala ya kupanuka, na ufa utabaki ufa. Ndiyo sababu nawaambia kwamba shaka la kwanza na hili la tatu ni mtu na pacha wake.

Mwaka 1984 injinia mmoja wa Texas, David Daniel, alilinganisha sakafu zilizokwisha kujengwa na namba zilizotoka maabara kabla ya kujengwa. Uwanjani maji yalikuwa yanapita mara 10 hadi 1,000 zaidi. Nyufa, mabonge ambayo hayakuvunjwa, rula iliyopita haraka kwa sababu siku ya malipo imekaribia. Kipande kidogo kinachopelekwa maabara hukatwa mahali pazuri. Nimekata vingi, hakuna aliyewahi kunituma nikakate kwenye ufa.

4. Nani anaangalia kinachoingia?

Mageti hayana kitabu. Betri za magari zina asidi ya salfa na risasi, na uchachu ukizidi, metali ambazo udongo ulikuwa umezishika huachiliwa upya. Mafuta machafu ya magereji na vimiminika vya kusafishia rangi vina hatari ya peke yake. Huko Wilsonville, jimbo la Illinois, walizika taka za kemikali ndani ya udongo wa mfinyanzi ulioaminiwa. Mahakama kuu ya jimbo mwaka 1981 ikathibitisha amri ya kufunga shimo na kufukua vyote. Walipochunguza, kemikali hizo zilikuwa zimetembea mara 100 hadi 1,000 zaidi ya hesabu. Na waliopiga hesabu hizo hawakuwa watu wasiosoma.

5. Pampu

Mvua yetu ni karibu milimita 1,200 kwa mwaka, na karibu yote inashuka kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tatu. Juu ya hekta moja ni mita za ujazo 12,000. Si zote zitafika chini, nyingine zitarudi hewani, lakini zinazofika lazima zitolewe, la sivyo zile sentimita 30 zitakuwa mita tatu, na hesabu ya shaka la kwanza mmeiona. Mmepanga pampu moja ya umeme. Umeme! Katika mji ambao fundi cherehani anapanga kazi yake kwa kufuata delestaji, yaani mgao wa umeme.

Na udongo ukishika vizuri kuliko tunavyotarajia, bila pampu shimo litajaa kama beseni na kufurika pembeni. Ndivyo ilivyokuwa Love Canal, karibu na maporomoko ya Niagara: mfereji wa zamani ndani ya udongo mzito, ukajazwa taka za kemikali, maji ya mvua na theluji yakaingia kwa juu, na mwaka 1978 familia zikahamishwa.

6. Visima

Hapa sina maneno mengi. Mtelemko kutoka shimoni unakuja kwetu. Bomba la maji halifiki kartiye yetu kila siku, na penginepo halifiki kabisa, tunakunywa visima. Kiangazi, mama zetu wanamwagilia lengalenga na matembele kwa maji hayohayo, na mboga hizo zinaliwa katika komini zetu za Kenya, Katuba, Kamalondo, mpaka mezani kwenu. Hakuna kisima hata kimoja kilichopimwa kabla ya kazi kuanza. Miaka sita ijayo mtu akilalamika, mtamwambia alete ushahidi kwamba maji yake yalikuwa mazuri zamani. Atautoa wapi?

Nimekaa na viongozi vya kutosha kujua majibu yatakayotolewa, basi nisiwachoshe kuyaandika.

Mtasema kutakuwa na plastiki. Katika mkutano haikutajwa, kwenye karatasi haimo. Kama ipo, hongera, tuonyesheni. Hata hivyo plastiki hutobolewa na jiwe moja chini ya tairi moja, na mahali ilipotoboka kinachobaki ni udongo. Ndiyo maana wanaoijua kazi hii huvipima vyote viwili.

Mtasema kipimo cha maji ya taka kilifanywa mahali pengine, na udongo ukaziba zaidi badala ya kulegea. Nakubali kwamba hutokea. Vijidudu huota ndani ya vitundu, chokaa huganda, matope huziba. Swali langu ni moja: walipima siku ngapi? Kipimo cha wiki moja kinaonyesha mwanzo wa hadithi. Maji ya taka yanatakiwa yapite mpaka yawe yamejaza vitundu vyote vya kile kipande angalau mara mbili, na yanayotoka chini yafanane na yanayoingia juu. Kabla ya hapo udongo bado unabadilika, na namba utakayoiandika ni ya abiria ambaye hajafika.

Mtasema hakuna fedha wala maabara. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha ufundi na kitivo cha kilimo. Vijana wake wanatafuta kazi za mwisho wa masomo kila mwaka. Maji meusi yanapatikana bure, mimi mwenyewe nitayachota.

Mtasema tunachelewesha maendeleo. Tazameni kalenda. Kwa kipande cha sentimita 10, maji yakisukumwa kwa mgandamizo wa kina cha maji mara 20 ya unene wa kipande, kujaza vitundu mara mbili kunachukua karibu siku 46. Mkianza kesho, mnafika tarehe 30 ya mwezi wa kumi, mvua kubwa haijaanza. Mkingoja barua yangu ya tano, hamfiki.

Wala msiseme hili ni ombi la hisani. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya. Sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa saba 2011 inadai uchunguzi wa athari kabla ya mradi wa namna hii, na watu waulizwe. Sisi tulisomewa karatasi na kupewa soda. Soda ilikuwa baridi, nashukuru, lakini kuulizwa si huko.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, tunaomba:

a) Lori la kwanza lisiingie kabla udongo uliotumika haujapimwa kwa maji ya jalala la zamani, si ya bomba, kwa muda nilioutaja. Vipande vikatwe mahali pasipopungua vitano, na wakaaji wawili wawepo vinapokatwa. Kimoja kikatwe penye nyufa.

b) Tabaka lote lililopasuka lichimbuliwe, livunjwe, lilowekwe na kushindiliwa upya, kwa matabaka yasiyozidi sentimita 20, kwa rula yenye meno, likiwa na unyevu uliozidi kidogo ule unaotoa uzito mkubwa. Jioni ileile lifunikwe. Kisha upenyaji upimwe palepale uwanjani kwa pete mbili zinazojazwa maji, si maabara tu.

c) Ripoti ya uchunguzi wa athari ibandikwe ofisini kwa shefu wa kartiye, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

d) Visima vya uangalizi vichimbwe, kimoja juu ya mtelemko na vitatu chini, na maji yake pamoja na ya visima vyetu vya kunywa yapimwe kabla ya taka kuingia: chumvi, amonia, shaba, kobalti, risasi, kadmi. Chumvi muitazame sana, kwa sababu udongo hauishiki; ndiyo itakayofika kwanza na kutuamsha.

e) Geti liwe na kitabu na mtu wa kukataa betri, mafuta na taka za hospitali. Pampu iwe na jenereta, na jina la anayelipa mafuta yake liandikwe.

f) Tujibiwe kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi huu. Mkisema hapana, tuandikieni hapana pamoja na sababu zake, ili tujue mlango upi unaofuata.

Kwa msimamizi aliyenipa kiti mwezi wa sita: sina kinyongo nawe. Ulinipokea kama mzazi. Lakini udongo si udongo tu, mwanangu, na chupa zangu mbili bado ziko kwenye dirisha la mbele, upande wa barabara. Ukipita, hata jioni, ingia uzitikise mwenyewe. Saa utaiangalia wewe.

Wenu kwa heshima,

Mkaaji wa kartiye iliyo chini ya mtelemko,
aliyekuwa fundi wa maabara ya udongo